Kabla ya kufunika, angalia kwanza: nywele zangu, meshi, na msusi wa Bulengo

Ndugu wasomaji na wasikilizaji, mumenizoea nikiwaletea habari za barabara, bei ya unga, maji na usalama. Leo naomba ruhusa niongee juu ya kichwa changu mwenyewe. Wababa musizime redio, musifunge simu. Muko na mabibi, muko na dada, muko na mabinti. Na katika habari hii ya nywele kuna mtoto mmoja ambaye karibu tungemupoteza, kama si mikono ya msusi.

Mimi nilizaliwa na nywele nyembamba. Mama yangu alikuwa nazo, na bibi yangu mzaa mama pia. Nikiwa mdogo, watoto wa mtaa walisema kichwa changu ni kama cha kifaranga kilichotoka juzi kwenye yai. Nywele hizo hazishiki vizuri. Ukizisuka zenyewe, mafundo yanateleza, na kufika kesho yake umefumuka. Kwa hiyo tangu nikiwa msichana nilipenda meshi. Meshi zilinipa kichwa ambacho sikupewa nilipozaliwa.

Watu wengi wanachanganya mambo mawili, hata mimi nilikuwa nayachanganya. Kuna mtu mwenye nywele chache: ukimtazama juani unaona ngozi ya kichwa. Na kuna mtu mwenye nywele nyembamba: zinaweza kuwa nyingi kabisa, lakini unywele mmoja mmoja ni kama uzi wa buibui, hauwezi kubeba mzigo. Wengine wana yote mawili. Mimi nilikuwa na nywele nyembamba tu. Halafu, mwaka 2024, zikaanza kuwa chache pia.

Nilijifungua mwezi wa saba mwaka huo. Mwezi wa kumi nywele zikaanza kutoka. Nilizikuta juu ya mto, nilizikuta kwenye chanuo, nilizikuta zimejizungusha kwenye vidole vya mtoto nikimnyonyesha. Sikujua kwamba ni jambo linalowapata wanawake wengi miezi miwili mpaka minne baada ya kuzaa. Wakati wa mimba nywele nyingi zinakaa bila kuanguka, na baada ya kuzaa zile zilizochelewa zinaanguka kwa pamoja. Kwa kawaida zinarudi zenyewe baada ya miezi kadhaa. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilichosikia ni minong'ono ya kwenye bomba la maji: "Umemuona mama ule? Nyele zinaisha. Labda ni sida." Munajua mtaa. Mtu akikonda kidogo, hukumu imeshatoka.

Basi nikafanya kile ambacho wengi wenu mungefanya. Nilikuwa nimepokea zamu yangu ya likelemba. Nikaenda kwenye saloni moja mjini, sitaitaja, nikakaa kwenye kiti na kusema: "Munifiche hii aibu." Dada wa pale alinitazama kichwa kwa dakika moja tu. Akasema nywele zangu ni chache, kwa hiyo zinahitaji meshi nyingi. Pakiti sita, za kufika kiunoni, rasta ndogondogo, zimekazwa mpaka nyusi zangu zikapanda. Nililipa, nikajitazama kwenye kioo, nikajiona malkia.

Usiku huo sikulala. Nilimeza dawa ya kichwa, usiku wa pili vilevile. Siku ya tatu vikatoka vipele vidogo kando ya paji la uso, na karibu na masikio. Nikawaza: kupendeza ni kuvumilia, ndivyo tulivyofundishwa. Mama zetu walituwekea kichwa katikati ya magoti na kutupiga na chanuo tukilia. Kwa hiyo nilivumilia. Wiki ya tano, rasta mbili za upande wa kushoto zilianguka zenyewe nikiwa kwenye pikipiki. Zilianguka pamoja na nywele zangu, na mizizi yake nyeupe inaonekana. Nikazifunga kwenye leso na kuziweka kwenye mkoba, kama mtu anayezika kitu kwa siri.

Mwisho wa mwezi wa kumi na moja nilikwenda Bulengo, magharibi ya mji kando ya Ziwa Kivu, kutafuta habari za mvua na mahema yanayovuja. Wakati ule kambi lilikuwa limejaa familia, wengi wao walikuwa wamekimbia mwezi wa pili 2024 wakati mapigano yalipokaribia Sake. Mbele ya hema moja niliona wanawake wamekaa kwenye vidumu vya njano, wanasukwa. Msusi alikuwa dada mmoja wa kutoka Masisi, umri wake kama miaka ishirini na tano, mtoto mgongoni. Chombo chake kilikuwa chanuo moja la mkia, wembe, na kipande cha kioo kilichovunjika. Bei yake ilikuwa ndogo sana, na aliyekosa pesa alileta kikombe cha maharagi.

Nikaona hapo ndipo nafasi yangu. Ningefumuliwa, ningesukwa upya, na huyo dada angepata pesa ya siku tatu kwa mara moja. Nikamwambia nitalipa bei ya mjini. Wanawake wote wakanyamaza, kwa sababu walijua pesa hiyo ni unga wa wiki.

Akanifumua polepole. Alipofika upande wa kushoto mikono yake ikasimama. Akachukua kile kipande cha kioo na kunishikia ili nione. Juu ya sikio kulikuwa na sehemu laini, inang'aa, kubwa kama kifuniko cha chupa mbili zikiwekwa pamoja.

"Mama, unisamehe," akasema. "Mimi sitakusuka."

Nikafikiri anataka pesa zaidi. Akatikisa kichwa. "Nikikusuka leo, mimi nitakula pesa yako, na weye utabaki na upara. Hii nyele haijakufa yote. Lakini imechoka. Uiache ipumuzike."

Mwanamke mmoja akamgombeza kwa Kihunde, nadhani alimwambia asiwe mjinga. Yeye akaendelea kunipaka mafuta kidogo kwenye vile vipele, kwa ncha ya kidole, kama mtu anayempaka mtoto mchanga. Ndugu zangu, mimi nimehojiana na wakubwa wengi katika kazi hii. Si wengi walioniambia ukweli uliowapotezea chakula cha jioni.

Nikabaki pale saa mbili. Nilisahau habari ya mahema kwa muda. Nilimuuliza na yeye akanieleza, na baadaye nilikwenda kwa muuguzi wa kituo cha afya kuhakikisha, naye akathibitisha. Nawapeni kama nilivyopokea.

Msusi alisema kichwa chenye nywele nyembamba ni kama chukudu ya mbao laini. Ukiipakia magunia mengi itavunjika, hata dereva awe hodari namna gani. Kwa hiyo yule aliyeniambia nywele chache zinataka meshi nyingi alisema kinyume cha ukweli. Nywele dhaifu zinataka mzigo mdogo. Unywele unaovutwa kila siku kwenye mzizi unaanza kulegea. Dalili za kwanza ni maumivu, vipele, na ngozi inayosimama kama hema pale rasta inapoanzia. Ukiacha kuvuta wakati huo, nywele zinarudi. Ukiendelea miezi na miaka, tundu ambalo unywele unatokea linageuka kovu, na kwenye kovu hakuna kinachoota tena. Ndiyo maana muko mnaona wamama wengi kwetu ambao paji la uso limerudi nyuma mpaka katikati ya kichwa. Hawakuzaliwa hivyo. Wala si uchawi.

Tukiwa tunaongea akafika mama mmoja na binti wake wa miaka kama mitatu. Krismasi ilikuwa inakaribia, na kuna mtu alikuwa amempa pakiti nusu ya meshi nyeusi. Alitaka mtoto asukwe apendeze, kwa sababu nywele zake zilikuwa zimegeuka. Alisema hivyo tu: "Zimegeuka." Zilikuwa chache, laini kama pamba, na rangi yake ilikuwa inaelekea wekundu, kama majani ya mahindi yaliyokauka.

Msusi alishika nywele chache na kuvuta kidogo sana. Zikatoka, na mtoto hakulia wala hakugeuka. Hapo uso wa msusi ukabadilika. Akaushika mguu wa mtoto, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya unyayo, akahesabu, akaachia. Shimo likabaki pale pale. Akamwambia yule mama: "Meshi nitakuwekea. Sitampa mtu. Lakini sasa hivi, hata usirudi kwenye hema, mupeleke kwa wale wa lishe."

Tukaenda wote watatu, mimi nikiwa na nusu ya kichwa imefumuliwa na kitenge juu. Pale wakampima mkono kwa ule utepe wa rangi tatu, kijani, njano na nyekundu. Wakaangalia miguu, wakaona imevimba yote miwili, na mtoto akapelekwa kulazwa siku ile ile. Utapiamlo wa namna hii unaitwa kwashiorkor, na wazee wetu wanaujua. Mtoto anaweza kuonekana mnene kwa sababu ya uvimbe, kumbe mwili unakwisha ndani. Nywele ni moja ya mahali unapojionyesha.

Wiki tatu baadaye nilirudi Bulengo. Mtoto alikuwa amerudi kwenye hema, anatembea, anagombania kifuniko cha chupa na kaka yake. Nywele zake zilikuwa bado ni zile zile, kwa sababu unywele unaota kama sentimita moja tu kwa mwezi. Lakini ukichungulia karibu na ngozi uliona weusi mpya unatoka. Ile pakiti nusu ya meshi ilikuwa bado imehifadhiwa ndani ya mfuko. Msusi alikuwa ametimiza neno lake.

Toka siku ile nimekuwa najiuliza: je, kama angekuwa yule dada wa saloni? Angesuka. Mama angefurahi, mtoto angependeza, na meshi nyeusi zingefunika ile rangi nyekundu ambayo ilikuwa inapiga kelele ya kuomba msaada. Mimi pia nilikwenda saloni nikiomba nifichwe, na nikafichwa vizuri mpaka nikaharibika.

Ndugu zangu, mimi sisemi tuache meshi. Mwanamke aliyepoteza nyumba, shamba na mbuzi, akipata nafasi ya kusuka, asihukumiwe. Nimewasikia watu wakisema: "Wanaomba msaada, lakini wanasuka." Kichwa kilichosukwa ni kitu kimoja ambacho hakuna aliyeweza kumpora njiani. Ninachosema ni kwamba tuangalie kabla ya kufunika, na tukifunika, tufunike kwa akili. Haya ndiyo niliyojifunza, hasa kwa wenye nywele kama zangu.

Kwanza ni kuchagua. Meshi nyingi zinazouzwa sokoni Virunga na kwenye butiki za Birere ni za nyuzi za kiwandani, namna ya plastiki. Hizo si mbaya kwa rasta, ni nyepesi na bei yake inafikiwa. Zingine zinauzwa kwa bei ya juu zikiitwa nywele za mtu. Nywele za kweli za watu zipo, nyingi zinatoka Uhindi, ambako waumini wananyoa nywele kwenye mahekalu kama lile la Tirumala na baadaye zinauzwa kwa mnada. Lakini si kila pakiti yenye maandishi hayo inasema ukweli. Omba muuzaji unywele mmoja, uchome na kiberiti mbali na uso. Nywele ya mtu inanuka kama manyoya ya kuku yaliyoungua na inabaki majivu yanayosagika kwa vidole. Ya kiwandani inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Usilipe bei ya moja ukapewa nyingine.

Kwa kichwa chepesi, chagua meshi fupi, mwisho mabegani. Urefu ni uzito. Pakiti mbili, tatu zinatosha pale ambapo saloni itakuambia sita. Gawanya nywele katika sehemu za wastani. Rasta ndogo sana zinashikwa na nywele chache mno, na rasta nene sana zinavuta. Mwambie msusi aanze na nywele zako mwenyewe, kisha aongeze meshi kidogo kidogo akishuka, badala ya kufunga fundo zito pale kwenye mzizi. Inachukua saa nyingi zaidi na wengine wanadai pesa zaidi, lakini ukilala usiku huo utaelewa kwa nini. Kando ya uso, zile nywele ndogo za mtoto, aziache nje. Na meshi za kubandika kwa gundi, au peruki ya kubandika kwenye paji la uso, mwenye nywele nyembamba asiziguse, kwa sababu siku ya kubandua gundi haichagui ibebe nini. Meshi za kushona juu ya mistari nazo ni nzito. Ukipenda peruki, chukua ile ya kuvaa na kuvua, na uivue ukifika nyumbani.

Kama meshi za kiwandani zinakuwasha, usidhani ni uchafu wako. Nyingi zina dawa iliyopakwa juu huko kiwandani. Kabla ya kusuka, ziloweke kwenye beseni la maji yenye siki kidogo, ile tunaita vinegri, utaona povu au utando mweupe unatoka. Suuza, anika zikauke kabisa, ndipo usukwe.

Neno la kukumbuka kuliko yote: ikiuma, imekazwa mno. Sema hapo hapo kwenye kiti. Usione haya. Msusi akikuambia itazoea, mwambie afumue hiyo moja na kuianza upya. Afadhali akununie leo.

Pili ni kutunza. Najua wengi wenu hamna maji. Hata sisi wa mjini kidumu cha lita ishirini tunakihesabu. Kichwa chenye rasta hakihitaji kidumu kizima. Changanya shampuu kidogo au sabuni laini na maji ndani ya chupa, toboa kifuniko matundu, nyunyiza katikati ya mistari, sugua kwa ncha za vidole bila kucha, kisha suuza kwa chupa nyingine mbili au tatu. Fanya hivyo mara moja kwa wiki au kila wiki mbili. La lazima ni kukausha. Kaa juani, kamua kwa kitambaa kikavu. Usifunge kitambaa juu ya rasta zenye maji, kwa sababu zinaanza kunuka na ngozi inaugua.

Mafuta, kidogo. Nywele nyembamba zikilowa mafuta zinalala na kushika vumbi, na vumbi la Goma munalijua, ni la majiwe ya volkano, linakwaruza. Usiku funga kitambaa kinachoteleza. Msusi wetu alitumia bitana ya koti kuukuu, ameishona kama kofia. Blanketi la kambini linakwangua nywele kama msasa.

Wale wanaolala wengi kwenye chumba kimoja, tafadhali chanuo na kofia kila mtu na yake. Mapunye ya watoto, yale madoa ya mviringo yenye magamba, yanahama kwa chanuo. Ukiyaona kwa mtoto usisuke juu yake. Mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi, mapunye ya kichwani yanatibiwa kwa dawa ya kumeza, na kituo cha afya ndicho kinachoitoa. Na ncha za meshi, watu wanazichovya kwenye maji ya moto au kuzichoma kwa kiberiti ili zisifumuke. Mutu mzima afanye hivyo kwa uangalifu, na mtoto akae mbali kabisa.

Tatu ni kufumua. Kwa nywele nyembamba wiki nne zinatosha, zikizidi sana sita. Kata meshi chini ya pale nywele zako zinapoishia, fumua kwa vidole, toa ule uchafu unaojikusanya kwenye mzizi ukiwa bado mkavu, ndipo uoshe. Ukilowesha kabla ya kuchanua, zinajifunga na utakata nusu ya kichwa. Ukiona donge la nywele mkononi usiogope mara moja. Mtu mzima wa kawaida anapoteza kama nywele 50 mpaka 100 kwa siku, na zile zilizoanguka ndani ya rasta zilikuwa zinangoja kutoka. Baada ya hapo pumuzisha kichwa wiki mbili au zaidi. Kitenge kipo, kofia ipo.

Na kama nywele zinatoka kwa viraka, au zinatoka pamoja na uchovu mwingi, kizunguzungu, macho meupe, usikimbilie meshi wala mganga. Upungufu wa damu unamaliza nywele, na wamama waliotoka kuzaa wanao sana. Sambaza za ziwa letu, maharagi, sombe, hivyo ni chakula cha damu na cha nywele pia, kwa anayevipata. Asiyevipata, kituo cha afya kinaweza kumpa vidonge.

Nilikaa miezi miwili bila kusuka. Nikakata fupi, nikavaa kitenge, nikaacha watu waseme. Halafu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 mapigano yakaingia mjini Goma. Siku zile hatukuwa na umeme, wala maji ya bomba, wala intaneti. Tulilala chini ya vitanda, mimi nikiwa nimemkumbatia mtoto. Sitasimulia zaidi, wote mulikuwepo, au mulikuwa na ndugu waliokuwepo. Mwezi wa pili kambi zikafumuliwa, Bulengo pia, na watu wakaondoka na vitu vyao kichwani, kila mmoja na njia yake. Nilikwenda kutafuta lile hema. Nilikuta uwanja, vigingi, na vidumu vilivyotoboka.

Mwezi wa nne nywele zangu zikaanza kutoka tena. Safari hii sikuwa nimezaa. Lakini nilihesabu kwa vidole: la pili, la tatu, la nne. Hofu kubwa, homa kali, njaa, kufiwa, vyote vinaweza kuangusha nywele miezi miwili au mitatu baadaye, wakati wewe unafikiri umeshapona. Mwili unaweka hesabu yake. Wanawake wangapi waliniuliza mwezi ule, sokoni, kanisani, kwenye foleni: "Mama, nawe nyele zinatoka?" Niliwaambia wote jambo moja: usiogope, usikaze, ngoja. Kwa wengi zimerudi.

Mwezi wa nane nilisukwa kwa mara ya kwanza. Pakiti mbili, mabegani, bila fundo. Jirani yangu ndiye aliyenisuka, nikimwongoza kama nilivyoongozwa. Kichwa hakikuuma. Ile sehemu ya juu ya sikio la kushoto haikurudi yote, kipande kama ukucha wa kidole gumba kimebaki kweupe, na sasa najua hakitarudi. Naifunika kwa rasta iliyo jirani, bila kuikaza.

Wiki moja baadaye simu ikalia, namba nisiyoijua. Sauti iliyorekodiwa: "Mama wa redio, ni mimi wa kusuka, wa Bulengo." Alikuwa amerudi upande wa Masisi. Nyumba haikuwepo tena, wanakaa kwa shangazi, shamba limejaa majani. Lakini anasuka chini ya mti wa avoka siku ya soko. Aliuliza mtoto wangu anatembea? Kisha akauliza: "Na ile nyele ya kushoto?"

Nikamtumia picha. Akajibu kwa maneno machache: "Imebaki kidogo. Lakini ulingoja. Ni vizuri."

Nikamuuliza habari za yule binti wa nywele nyekundu. Akasema familia ile ilishika njia ya Kitchanga, hawajaonana tena. Pakiti nusu ya meshi alimkabidhi mama yake asubuhi ile walipokuwa wanafungasha. Alisema nywele za mtoto zilikuwa zimefika urefu wa nusu ya kidole, nyeusi kabisa, na angeweza kusukwa sasa. Ila hawakuwa na muda.

Kama wewe mama unasoma haya, au kuna mtu anakusomea, huko Kitchanga au popote mulipofika: huu ndio wakati. Musuke. Asikazwe.

Ni mimi mwandishi wenu, hapa Goma.